Tulimpepea kwa daftari la mahudhurio

Muuguzi wa zahanati aliniuliza neno moja tu: "Mmempulizia?"

Nikamjibu, "Tumempepea."

Ilikuwa Oktoba 2013, na mwalimu wa zamu wiki ile nilikuwa mimi. Shule yetu iko Ukerewe, kwenye Ziwa Victoria, mwendo wa dakika tano kwa miguu kutoka ziwani. Wakati ule hatukuwa na tangi wala bomba, kwa hiyo kila asubuhi kabla ya mstari watoto wa darasa la tano na la sita walishuka na madumu mpaka mwaloni kuchota maji ya choo na ya bustani. Mimi ndiye niliyewatuma. Walirudi wanakimbia bila madumu, na kabla hawajafika kwenye mlingoti wa bendera nilikuwa nimeshajua.

Tulipofika, mvuvi mmoja alikuwa ameshamtoa. Mtoto wa darasa la tano, miaka 11, amelazwa juu ya mchanga kando ya mtumbwi. Walimu tulikuwa watano. Mmoja alimshika miguu akamning'iniza kichwa chini ili maji yatoke. Mwingine akamlaza tena na kumkamua tumbo. Mimi nilikuwa nimetoka ofisini na daftari la mahudhurio mkononi, lile kubwa lenye jalada gumu. Nikapiga magoti, nikaanza kumpepea. Nilimpepea kwa nguvu zangu zote. Kola ya shati lake ilikuwa inainuka na kushuka kwa upepo wa daftari, nami nikawa naona kama anapumua.

Ikaja bodaboda. Tukampakia mshikaki: dereva mbele, mtoto katikati, mwalimu wa michezo nyuma amemkumbatia asianguke. Zahanati iko kilomita nne, barabara ya vumbi yenye mashimo. Mimi nikafuata kwa pikipiki ya pili. Kutoka majini mpaka kitanda cha zahanati ilipita karibu nusu saa, na katika nusu saa hiyo yote hakuna mtu aliyempa yule mtoto hata pumzi moja.

Ubongo wa binadamu ukikosa hewa huanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 6. Hilo nilikuja kulijua miaka sita baadaye.

Nimekaa na habari hii muda mrefu, na naiandika leo kwa ajili ya walimu wenzangu, hasa wa shule za vijijini na visiwani, ambako mtoto akianguka mtu mzima aliye karibu naye ni mwalimu, na hakuna gari la wagonjwa litakalofika kabla ya hizo dakika sita. Mwalimu yeyote ukimuuliza kama yuko tayari kumwokoa mwanafunzi wake atasema ndiyo, na atakuwa anasema kweli. Sisi watano tulikuwa tayari kabisa. Tulikimbia, tuliloa, tulilia, na mwalimu wa michezo alichubuka mikono kwa kumshikilia mtoto kwenye pikipiki. Tulikuwa na kila kitu isipokuwa mikono inayojua la kufanya.

Nilisoma ualimu miaka miwili, daraja la IIIA. Nilijua kuandika azimio la kazi, andalio la somo, zana za kufundishia. Huduma ya kwanza ilikuwa ni ukurasa mmoja tulionakili ubaoni. Nakumbuka mstari wake kuhusu mtu aliyezimia: mlaze chali, legeza nguo, mpe hewa. Mpe hewa! Sisi tulielewa kwamba watu wasimzonge, afunguliwe madirisha, apepewe. Kwa mtu aliyezimia tu huku anapumua, hilo linatosha. Kwa asiyepumua, kumpa hewa ni kuweka mdomo wako juu ya mdomo wake na kuipuliza ndani mpaka kifua kiinuke. Neno ni lilelile, na hatukuwa na mtu wa kutuonyesha tofauti.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara. Walikufa watu zaidi ya 220. Huku kwetu kila kaya ilikuwa na msiba au ilikuwa inakwenda msibani. Mwalimu mmoja wa shule jirani aliniambia walivyokuwa wanasimama ufukweni huku wanaopolewa watu, na mikono yao haina kazi. Maneno hayo yalinirudisha kwenye mchanga wa 2013. Likizo ya Juni mwaka uliofuata nikapanda meli kwenda Mwanza, nikajilipia nauli na pa kulala, nikahudhuria mafunzo ya siku mbili ya kumwokoa mtu asiyepumua. Mkufunzi alikuwa mtu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu.

Alileta mdoli, kiwiliwili cha mpira chenye kichwa, umefungwa kwenye begi kama mtoto mgonjwa. Alitueleza ulikotoka, na mimi kwa sababu zangu sijaweza kuisahau habari hiyo. Aliyeutengeneza ni Asmund Laerdal wa mji wa Stavanger, Norway. Kazi yake ilikuwa kutengeneza midoli ya plastiki ya watoto kuchezea. Mwanawe mdogo aliwahi kuzama, akamwahi mwenyewe, akapona. Mwaka 1960 akatoa mdoli wa kufundishia watu kuokoa, na sura yake aliichukua kwenye kinyago cha uso wa msichana asiyejulikana ambaye, kwa jinsi inavyosimuliwa, aliopolewa mto Seine kule Paris. Kwa hiyo uso ambao watu duniani wanajifunzia kupuliza ni uso wa binti aliyekufa maji.

Mwaka huohuo wa 1960, hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, mhandisi wa umeme William Kouwenhoven na madaktari wenzake waliandika kwamba moyo ukisimama, damu inaweza kusukumwa kwa kubonyeza kifua kutoka nje, bila kukipasua, na kwamba kinachohitajika ni mikono miwili tu, popote ulipo. Kabla ya hapo madaktari walikuwa wanafungua kifua na kuushika moyo wenyewe. Nikafikiri: mwaka 1960 mimi sijazaliwa, mama yangu ni mtoto, na jambo hili limeshaandikwa. Limechukua miaka yote hiyo kufika kwangu, na limefika kwa sababu nilijilipia nauli.

Mara ya kwanza kuubonyeza ule mdoli nilibonyeza kama mtu anayeamsha mtoto usingizini. Mkufunzi akasema, "Mwalimu, hapo damu haijaenda popote." Ndani ya mdoli kuna kitu kinacholia tak ukifikia kina kinachotakiwa, na changu hakikulia. Kwa mtu mzima kifua kinatakiwa kibonyee sentimita 5 hadi 6. Chukua kibiriti ukisimamishe kwa urefu wake: ndiyo hiyo. Kwa mtoto ni theluthi moja ya unene wa kifua. Unaweka kitako cha kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, mikono imenyooka bila kukunja viwiko, unashuka na uzito wa mwili, halafu unakiacha kifua kirudi chote kabla ya kushuka tena. Mtoto mdogo unaweza kutumia mkono mmoja. Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukifika 30, unainua kidevu, unabana pua, unapuliza mara mbili, unarudi kifuani.

Hapa kwenye kuhesabu ndipo nilipogundua jambo ambalo hata mkufunzi hakuwa amelifikiria. Alitufundisha tuhesabu kwa sauti mpaka 30. Moja, mbili, tatu, hadi kumi, mikono inakwenda vizuri. Ukifika kumi na moja, kumi na mbili, maneno yanarefuka, na mikono inayafuata maneno. Ukifika ishirini na saba umeshachelewa. Kifua kinasubiri ulimi umalize. Nilimwomba saa yake, nikajaribu mara tatu, na kila mara kumi la kwanza lilikuwa la haraka na kumi la tatu la kujikokota. Nikasema tuhesabu moja hadi kumi mara tatu. Tukafanya, na kasi ikanyooka. Tangu siku hiyo ndivyo ninavyofundisha: kumi, kumi, kumi, puliza, puliza. Makumi matatu yanatakiwa yaishe kwa sekunde 15 hadi 18. Kaa na saa ya ukutani ujipime.

Jambo la pili ni kuhusu maji, na ndilo lililonikosesha usingizi nyumba ya wageni usiku ule. Mtu mzima anayeanguka ghafla mara nyingi ni moyo wenyewe ulioharibika mapigo. Damu yake bado ina hewa ya dakika chache, kwa hiyo unaanza na kifua. Mtoto aliyezama ni kinyume chake. Moyo wake ulikuwa mzima. Umesimama kwa kukosa hewa. Kwa hiyo aliyetolewa majini hapumui, unaanza na kupuliza, ndipo ushuke kifuani. Mwongozo wa Ulaya unasema pumzi tano za mwanzo, wa Marekani unasema mbili. Kumning'iniza kichwa chini na kumkamua tumbo ni kupoteza muda, na kunaweza kumtapisha matapishi yakaingia mapafuni. Yale mambo mawili tuliyoyafanya kwanza, kwa bidii yetu yote, ndiyo tuliyotakiwa tusiyafanye kabisa.

Kuna watu huniambia haya mambo ni ya nchi zenye magari ya wagonjwa na mashine za kushtua moyo. Sitawadanganya: moyo wa mtu mzima ukisimama wenyewe huku kwetu, bila mashine na bila hospitali ya karibu, nafasi yake ni ndogo hata ukibonyeza vizuri. Lakini shuleni hatulei watu wazima. Kwa watoto, moyo kusimama mara nyingi huanzia kwenye hewa: maji, embe lililokwama kooni, kifafa kilichomkamata mtu akiwa mtoni. Mtoto wa namna hiyo akipuliziwa mapema, wakati mwingine anakohoa na kurudi palepale ufukweni, kabla hata ya mashine yoyote. Kwa hiyo mimi naona elimu hii ina kazi kubwa zaidi kijijini kuliko mjini.

Niliporudi shuleni tulikuwa walimu tisa, na mdoli hatuna. Nikachukua mpira wa miguu wa zamani, nikaupunguza upepo mpaka ukawa unabonyea na kurudi, nikauvika shati la sare na kulishona chini. Unaubonyeza mezani? Hapana, chini sakafuni, ukiwa umepiga magoti, kwa sababu ndivyo itakavyokuwa siku yenyewe. Kila Ijumaa baada ya michezo tunafanya nusu saa. Kwa kupuliza, nilipewa Mwanza vile vikaratasi vya plastiki vyenye kichujio katikati. Tulijifunza kuvitandaza usoni kwa mtu na kumwinua kidevu, bila kumpuliza kweli.

Jina lilitusumbua. Mkufunzi alikuwa anasema kufufua. Mwenzetu mmoja, mke wa mchungaji, akakataa katakata: anayefufua ni Mungu, na yeye hawezi kusimama mbele ya wazazi akasema anafufua watoto. Alikuwa na haki. Neno likiwa zito kuliko mtu anayelibeba, mtu huyo hatagusa kifua. Tangu hapo tunasema kubonyeza na kupuliza, na yeye sasa ndiye mwenye mikono mizuri kuliko sote.

Hofu nyingine zilitoka moja moja, na sikuzibeza hata moja. Nikivunja ubavu? Ubavu unaweza kuvunjika, hasa kwa mtu mzima, na ubavu hupona. Ugonjwa? Tumia kile kikaratasi. Huna na unaogopa, bonyeza kifua bila kupuliza, ni bora kuliko kusimama, ingawa kwa mtoto aliyezama pumzi ndiyo dawa yenyewe. Wazazi wakinishitaki kwamba nimemuua? Hapa ofisi ilinyamaza, maana hilo ndilo lililokuwa moyoni mwa wengi. Mwalimu kijana akauliza: je, ni msichana wa darasa la saba, na mimi ni mwanaume, niweke mikono kifuani kwake mbele ya watu?

Swali hilo tulilipeleka kwenye mkutano wa wazazi, hatukulijibu sisi. Mwalimu mkuu alilisoma kama lilivyo. Mama mmoja wa nyuma akasimama na mtoto mgongoni, akasema, "Mwalimu, mwanangu hapumui, hiyo aibu unaitoa wapi?" Watu wakapiga makofi, na likaandikwa kwenye muhtasari wa kikao kwamba wazazi wameridhia. Nawashauri wenzangu mfanye hivyo. Ruhusa iliyoandikwa kabla ya tukio inaondoa ule mtetemeko wa kutazamana nani aanze, na ule mtetemeko unakula dakika nzima.

Siku ya mkutano huo huo nilionyesha kwa mpira, na nilipomaliza mama yake yule mtoto wa 2013 alinisubiri chini ya mwembe. Anauza dagaa mwaloni. Miaka yote tulikuwa tunasalimiana vizuri na hatukuwahi kuongea.

"Mwalimu, siku ile mngefanya hivi, mwanangu angeamka?"

"Sijui, mama. Angepata nafasi. Sisi hatukumpa."

Alinyamaza. Halafu akaniomba nimwonyeshe mahali hasa pa kuweka mikono. Nikashika kiganja chake, kigumu, chenye magamba madogo ya dagaa yaliyokaukia kwenye mistari, nikakiweka katikati ya kifua changu mwenyewe, juu ya mfupa. Akakiacha hapo muda kidogo.

Kuna kitu kingine ambacho kwa sisi walimu ni kigumu kuliko kubonyeza, nacho ni kutambua. Wasichana wetu huanguka. Huanguka mstarini kwa njaa, huanguka kwa jua, na ikianza habari ya mapepo huanguka kumi kwa siku moja. Tumezoea. Mtoto akianguka, mawazo yetu ya kwanza ni apelekwe kivulini, atajizindukia. Kwa wengi ni kweli. Kwa hiyo tumejiwekea kanuni kwamba hakuna kudhania: piga bega, mwite kwa sauti, inua kidevu, tazama kifua na sikiliza puani, isizidi sekunde 10. Anapumua vizuri, mlaze ubavu. Hapumui, anza, na tuma mtu akaite msaada. Na kuna kupumua kwa uongo: mtu anafungua mdomo na kutweta mara moja moja, kwa kukoroma. Watoto wa huku nawaambia ni kama sangara aliyetupwa mchangani. Wote wamemwona, wote wanajua sangara huyo hapati hewa. Hakuna maelezo ya kitabuni yaliyowaingia haraka kama hayo.

Mwalimu wa michezo, yule aliyemkumbatia mtoto kwenye pikipiki, alikuwa mgumu kuja Ijumaa zetu. Sikumlazimisha. Juni 12, 2021 alikuwa kwenye kibanda umiza anaangalia Denmark na Finland, na Christian Eriksen akaanguka peke yake bila kuguswa. Aliniambia kibanda kizima kilinyamaza. Waliona nahodha wake, Simon Kjær, na wenzake wakimzunguka, waganga wakimbonyeza kifua uwanjani palepale. Eriksen alipona, na mwaka uliofuata alicheza Kombe la Dunia Qatar. Wazee wa mpira walikuwa wanamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Cameroon, aliyeanguka hivyohivyo Lyon mwaka 2003 na hakuamka. Na Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, aliyeanguka London Machi 2012, moyo wake ukakaa dakika 78 bila kupiga wenyewe huku watu wakiendelea kumbonyeza, na yuko hai. Ijumaa iliyofuata mwalimu wa michezo alikuja. Alipiga magoti mbele ya mpira na hakusema kitu.

Norway waliingiza mafunzo haya shuleni tangu 1961. Denmark walitunga sheria mwaka 2005. Miaka ya 2001 hadi 2010, huko Denmark, walioanguka na kubonyezwa na watu wa kawaida kabla msaada haujafika waliongezeka kutoka 21 hadi karibu 45 katika kila mia, na waliokuwa hai baada ya siku 30 wakaongezeka kutoka 3.5 hadi 10.8 katika kila mia. Shule si sababu pekee, ila ni mojawapo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono pendekezo kwamba mtoto kuanzia miaka 12 afundishwe, saa mbili kwa mwaka. Saa mbili! Sisi kwenye kata tunakaa vikao vya saa nne. Ninachoomba kwa wakubwa wetu ni kidogo: kila muhula, kikao kimoja cha walimu wa kata kiwe na nusu saa ya kupiga magoti. Kila muhula, kwa sababu mikono inasahau. Mimi mwenyewe baada ya likizo ndefu hurudi nikiwa nabonyeza juujuu.

Sasa shule ina tangi, na watoto hawachoti tena ziwani, ingawa Jumamosi bado wanakwenda kuogelea na kufua. Wavuvi watatu wa mwaloni wameshakuja kujifunza. Mpira wetu unakaa juu ya kabati la ofisi, pembeni ya daftari la zamu. Tumekubaliana kwamba Jumatatu asubuhi, mwalimu anayepokea zamu hasaini daftari mpaka ashushe mpira chini, abonyeze makumi matatu, mwenzake akiwa na saa.

Wiki hii kapokea mwalimu wa Hisabati, ajira mpya, ana miezi miwili kazini. Alikuwa anatoka jasho alipofika kumi la tatu. Sekunde 17. Amesaini.